Ufunguo Wako Nimeutoa, Dada Anosiata

Dada Anosiata,

Seva kubwa imeungua. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujaniuliza hata kama nimekula. Radi ilipiga nguzo ya umeme nyuma ya ofisi, ikafuata waya, ikaingia ndani. Asubuhi nilipofungua chumba cha mashine nilikutana na harufu ya plastiki iliyoungua, na kimya. Zile feni ulizokuwa unazilalamikia kwamba zinakuumiza kichwa, hakuna hata moja iliyokuwa inazunguka.

Shikamoo, Dada. Ningepaswa kuanza na hiyo.

Tangu tukuzike Idete hatujaona mvua ya namna hii. Ulituacha wakati wa kiangazi, ardhi ilikuwa ngumu mpaka vijana wakawa wanapokezana majembe. Sasa ardhi hiyohiyo ni uji. Kituo chetu kiko palepale, vyumba viwili hapa mjini, mtaa wa Viwanja Sitini, jirani na duka la mbolea. Wasoma maji bado wanasimama kwenye nguzo zao huko juu ya mto na kutuma kina cha maji kwa simu. Mashine zinapokea, zinalinganisha, kisha zinawatumia watu wa bondeni ujumbe: kaeni, au jiandaeni, au tokeni. Kilichobadilika ni kwamba wewe haupo, na anayeulizwa sasa ni mimi.

Mama Zuhura bado ni katibu, bado anachemsha chai yenye iliki kama kwao Pwani, bado anafunga kitambaa kichwani akiwa na hasira. Asubuhi ile alikuwa amekifunga. Alisimama mlangoni na simu mkononi, akaniambia, "Masanja, msoma maji wa Malinyi amepiga. Anasema maji yanapanda kama yanafukuzwa. Anauliza mbona ametuma kina tangu alfajiri na hajajibiwa."

Hajajibiwa kwa sababu mashine ya kupokea ilikuwa imekufa. Na ya kulinganisha. Na ya kutuma. Zote tatu zilikuwa zinaishi ndani ya seva ile moja, Dada, kama ulivyokuwa unasema, wapangaji watatu nyumba moja. Nyumba imeungua na wapangaji wake.

Nakumbuka siku uliponifundisha hilo. Nilikuwa sijui kompyuta inawezaje kuwa ndani ya kompyuta nyingine. Ulinitoa nje, ukanionyesha ile nyumba ya kupanga ng'ambo ya barabara. "Kila mpangaji ana mlango wake, ana kufuli lake, anapika chakula chake. Anajiona ana nyumba. Lakini paa ni moja. Mashine pepe ndivyo zilivyo." Halafu ukacheka, ukasema, "Tofauti ni kwamba hawa wangu hawagombani kwa ajili ya bili ya maji."

Seva mpya tulikuwa nayo. Ile uliyoiombea kwa wafadhili mwaka mzima ilifika baada ya mazishi yako. Niliitoa kwenye boksi mwenyewe, nikaiwekea mfumo wake wa msingi, nikaifunga kwenye rafu. Lakini ndani ilikuwa tupu. Hakukuwa na mpangaji hata mmoja. Nilikuwa nasubiri nipate utulivu. Utulivu wenyewe sijui nilidhani utatoka wapi.

Mwenyekiti, Mzee Salum, alikuja kutoka dukani kwake bado ana vumbi la saruji kwenye kanzu. Akasema tumwite fundi kutoka Dar es Salaam. Mama Zuhura akamwambia barabara imekatika mbele huko, magari yamelala. Mzee akasema basi huyo fundi aingie kwa intaneti. Intaneti nayo ilikuwa imekatika tangu usiku. Akakaa kwenye kile kiti chako, akavua kofia, akaniangalia.

"Wewe Masanja, unaweza?"

Nikasema naweza. Dada, nilikuwa sijui kama naweza. Nilikuwa nimeifanya kazi ile mara nyingi, lakini kila mara wewe ulikuwa nyuma yangu, unatafuna karanga, unasema "soma kwanza hicho kilichoandikwa kabla hujabonyeza".

Na kuna jambo ambalo sikuwaambia wote wawili. Baba yangu alikuwa bondeni. Yeye na mama na wadogo zangu wa kike walikuwa kwenye dungu la shambani, upande wa Malinyi, wanalinda mpunga dhidi ya ndege. Nilimpigia simu tangu nilipoona chumba kimenyamaza. Ilikuwa haipatikani. Baba huzima simu ili chaji isiishe, anaiwasha jioni akitaka kusikia habari.

Nikaenda kumwamsha Mkunga.

Mama Zuhura alikuwa hajui kwa nini tunaiita hivyo ile kompyuta chakavu ya kwenye kabati. Nilimweleza huku nachomeka waya. Nilimwambia kwa maneno yako. Mashine pepe mpya inazaliwa haina kitu, haina mfumo, haijui hata jina lake. Ikiwashwa inapiga kelele kwenye waya: mimi ni nani, anwani yangu ipi, nitakula nini? Mkunga anaisikia. Anaipa anwani, anaipa mfumo wa Linux ambao nakala yake yote ameihifadhi tumboni mwake, kisha anaipa faili la majibu. Maswali yote ambayo fundi huulizwa wakati wa kusimika, lugha gani, saa za nchi gani, diski ipi, nani aruhusiwe kuingia, yamejibiwa humo. Hakuna mtu wa kukaa mbele yake na kubonyeza. Hakuna flashi wala intaneti. Unawasha, unakwenda zako.

Mafundi wa mjini walikuwa wanakucheka kwa hilo. Wao wanapiga Windows kwa flashi, mashine moja moja, huku wanakunywa soda. "Kwa mashine tatu tu, Anosiata, kujitesa kote huko?" Hukuwajibu. Mimi ndiye uliyenijibu, siku ile nilipokuletea uji wodini, umekunja magoti mpaka kidevuni kwa maumivu ya selimundu. Ulisema, "Masanja, mwili wangu haunipi taarifa. Kuna siku seva itakufa na mimi nitakuwa nimelala hivi hivi. Nataka siku hiyo mashine zijisimike zenyewe."

Siku yenyewe ndiyo hiyo ilikuwa imefika. Nikaumba mashine ya kwanza ndani ya seva mpya, nikaiwasha, nikarudi nyuma hatua moja kama ulivyokuwa unafanya.

Ikapiga kelele yake. Ikapewa anwani. Halafu ikasimama. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi: imepata anwani, lakini haijaambiwa faili la kuanzia liko wapi. Ikazima. Nikaiwasha tena. Vilevile. Mara ya tatu vilevile.

Simu ya Mama Zuhura ikalia. Alisikiliza, akaifunika kwa kiganja. "Malinyi tena. Nguzo ya chini imemezwa. Amehamia kusoma nguzo ya juu."

Nilisoma maandishi yale mpaka macho yakauma. Soma kwanza kilichoandikwa. Nikaiangalia ile anwani. Haikuwa ya kwetu. Mkunga hagawi anwani zinazoanza vile. Mtu mwingine ndani ya ofisi alikuwa anaijibu mashine yangu kabla Mkunga hajafungua mdomo.

Nikauliza kwa sauti, "Nani ameweka kitu kipya kwenye waya?"

Mzee Salum akashtuka. "Ile ruta yangu? Niliwaletea mwezi uliopita, mpate waifai ya bure humu ndani." Ilikuwa juu ya kabati la mafaili, inawaka taa zake za kijani kwa furaha, inagawa anwani kwa kila anayeomba, na faili la kuanzia haina. Alikuwa ameileta kwa moyo mzuri, na kijana wake ameichomeka kwenye tundu la kwanza aliloliona. Mzee hakusubiri nimwombe. Alipanda kwenye kiti na kanzu yake, akaing'oa, akaishika kifuani kama kuku aliyekamatwa akiiba mahindi.

Nikawasha tena. Safari hii Mkunga alisikia. Anwani yetu, faili la kuanzia, mfumo unashuka kwenye waya, mistari inakimbia. Mama Zuhura akapiga makofi. Nikamwambia asipige kwanza.

Ikasimama tena.

Dada, hapa nilikukasirikia. Nakuambia ukweli. Ilisema diski iliyotajwa kwenye faili la majibu haipo. Nilifungua faili lako, lile uliloliandika kwa uangalifu kiasi hicho, lenye maelezo yako kila mstari, na nikaona umeandika jina la diski kwa namna ya seva ya zamani. Seva mpya inazipa diski za mashine pepe jina jingine. Umeme ulikuwa umeshakatika, jenereta linanguruma nje, mvua inapiga bati hata husikii, na mimi nimesimama namfokea mtu aliyekufa. Nilisema kwa sauti, "Mbona hukuniambia? Mbona umeondoka bila kuniambia?"

Mama Zuhura alinisikia. Aliniwekea kikombe cha chai pembeni ya kibodi, akarudi kwenye simu yake. Alikuwa amechukua daftari la chai na kalamu, anapigia viongozi wa vijiji mmoja mmoja, anaandika nani kapokea. Wengi walikuwa hawapatikani. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

Nani angenijibu kwa niaba yako? Ungejuaje jina la diski ya seva ambayo hukuwahi kuiona? Kosa lenyewe lilikuwa herufi moja. Pale palipoandikwa sda niliandika vda, sehemu zote palipotokea. Nilisoma mara mbili. Nikahifadhi.

Nikawasha. Ikapita anwani, ikapita mfumo, ikapita diski. Ikaanza kujigawia sehemu, ikaanza kuvuta vifurushi vya programu kutoka kwa Mkunga, kimoja kimoja, na mstari wa chini ukawa unajaa. Mzee Salum alikuwa amesimama nyuma yangu na ruta yake mkononi bado. Akauliza kwa upole, "Sasa unafanya nini?" Nikamwambia, "Sifanyi kitu, Mzee. Inafanya yenyewe." Akasema, "Subhanallah," akakaa chini.

Ilipomaliza ikajizima, ikajiwasha, ikaniletea pale pa kuingilia. Nikaandika jina langu. Ikanikataa.

Nikajaribu nywila ya zamani. Ikanikataa. Nikajaribu kwa mtandao kutoka kompyuta yangu. Ikanikataa, na safari hii ikaeleza kwa nini: haijui ufunguo wangu.

Nikarudi kwenye faili la majibu, nikashuka mpaka mwisho, kwenye kipande kinachosema nani aruhusiwe kuingia. Hukutaka nywila kwa sababu watu hupeana. Uliweka ufunguo, ule mstari mrefu wa herufi zisizosomeka. Kulikuwa na ufunguo mmoja tu, na mwisho wake umeandikwa jina lako. Kwenye mashine za zamani ulikuja kuniongeza kwa mkono baadaye. Kwenye faili hukuwahi kuniongeza. Kila mashine iliyozaliwa kwa Mkunga ilizaliwa inakujua wewe peke yako.

Kompyuta yako ipo kwa kaka yako Mahenge, imefungwa kwa neno ambalo hakuna anayelijua. Ningeweza kuongeza wangu chini ya wako, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ufunguo usio na mwenyewe hauachwi mlangoni. Ilibidi nikutoe.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili vizuri. Nilikuwepo ulipowekwa kwenye jeneza. Nilishika kamba moja wakati wa kukushusha. Nilirusha udongo wangu. Lakini kuuweka mshale mwanzoni mwa mstari ule na kuufuta mpaka lilipo jina lako, hiyo ilinishinda nguvu kuliko zile kamba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe na hakishuki. Nilikuwa nafikiri kwamba nikibonyeza, hakuna mashine yoyote duniani itakayokufungulia mlango tena.

Mama Zuhura akasema nyuma yangu, sauti imeshaisha kabisa, "Masanja, Malinyi hapokei tena."

Nikabonyeza. Nikaweka ufunguo wangu. Chini yake nikaweka mwingine wa akiba, nikamwambia Mzee Salum aufungie kwenye sefu ya dukani kwake.

Kisha nikaifuta ile mashine niliyoisimika, maana haikuwa na faida, nikaumba zote tatu, nikaziwasha kwa pamoja. Ungependa kuona, Dada. Tatu kwa mpigo, zote zinapiga kelele kwenye waya, Mkunga yule chakavu anazijibu zote bila kuchanganya. Jenereta likakohoa mara moja. Mzee Salum akatoka mbio mvuani na kidumu cha petroli. Likaendelea.

Zilipomaliza niliingia kwa ufunguo wangu. Zikanifungulia. Nikachomeka diski ya nje yenye programu zetu na namba za watu, ile uliyonifundisha kuichomoa kila tukimaliza kazi na kuitoa kwenye jengo. Nikachomeka vifaa vyenye laini za simu. Kabla ya kutuma kwa watu wote nikatuma ujumbe wa jaribio kwenye zile namba chache za ofisi. Maneno ya kawaida: hili ni jaribio, usiogope.

Simu ya Mama Zuhura ikalia. Ya Mzee Salum ikalia. Yangu ikalia. Halafu yangu ikalia tena, mtu anapiga, na kwenye kioo jina lako.

Niliangusha simu, Dada. Mama Zuhura aliiokota, akaona jina, akasema "Yallah", akanirudishia kama inamchoma.

Alikuwa mama yako. Namba yako ilikuwa bado kwenye orodha ya jaribio, na simu yako anayo yeye, huko Idete. Hajawahi kuizima. Akauliza, "Nani anatuma ujumbe kwenye simu ya Ano?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, ni mimi, Masanja wa ofisini. Samahani sana." Akauliza swali ambalo wewe ungeuliza. "Maji yanakuja?" Nikamwambia yanakuja, makubwa. Akasema, "Basi acha kuomba samahani. Tuma. Mimi natoka sasa hivi kuwaambia wa mashambani." Akakata.

Nikatuma.

Kile kilichofuata ndicho kigumu kuliko vyote, maana hakuna cha kufanya tena. Unaangalia namba zinavyopanda kwenye kioo: umetumwa, umefika, umetumwa, umefika. Nilikuwa naitafuta namba moja tu. Ya baba ilikuwa inasema haijafika. Niliikagua mpaka nikawa naona aibu. Nikawapigia watu ninaowajua upande ule. Wa tatu akapokea, mvuvi mmoja Mndamba anayekaa jirani na shamba letu, ambaye mwaka juzi walishikana mashati na baba kwa ajili ya njia ya kwenda mtoni. Nikamwuliza, ujumbe umeshafika kwako? Akasema umefika, ndio nafunga vyombo. Nikamwambia baba yangu hana habari. Mvua ilisikika kwake kama kwangu. Akasema, "Yule mzee ni mbishi. Lakini mtumbwi ninao." 

Hakunipigia tena. Niliketi. Mzee Salum aliswali pembeni ya kabati. Mama Zuhura alinishika bega mara moja, akaendelea kuandika majina ya waliopokea.

Baba alipiga asubuhi ya siku ya pili, kwa simu ya mtu. Walikuwa kwenye shule iliyo mlimani, yeye na mama na wadogo zangu. Aliniambia kwanza alikataa kupanda mtumbwi, akamwambia mvuvi maji anayajua kuliko yeye. Mvuvi akamjibu, "Mwanao ndiye aliyenituma, na sijatoka na mvua hii kuja kubishana." Mama akawa ameshawaingiza watoto. Baba akapanda mwisho, na redio yake. Dungu lilikwenda. Mpunga wote ulikwenda. Ndama waliokuwa wamefungwa karibu walikwenda. Alinisimulia kama anasimulia habari za mtu mwingine, halafu mwishoni akasema "Wabeja", ahsante ya kwetu Wasukuma, ambayo baba hajawahi kumwambia mtoto wake yeyote. Nilitoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye matope mpaka nilipoweza kurudi ndani.

Msoma maji wa Malinyi yuko salama, ni simu yake tu iliyochukuliwa na maji. Nisikufiche. Si wote waliotoka. Kuna mzee mmoja alikuwa peke yake kwenye shamba la mwanawe, hakuwa na simu, na hakuna aliyejua kwamba yuko kule. Walimpata maji yalipopungua. Nilikwenda kwenye mazishi. Nilikaa nyuma. Mwanawe alikuja kunishukuru kwa ujumbe uliookoa wengine, na sikujua pa kuweka uso wangu. Nimelifikiria tangu siku ile. Mashine zetu zinazungumza na simu, na mtu asiye na simu kwetu hayupo. Wewe ulishaliona hilo, nakumbuka ulikuwa unataka kila asiye na simu aunganishwe na jirani yake mwenye simu, na jirani aulizwe: umemwambia? Wajumbe wa kamati walisema ni kazi kubwa. Sasa hawasemi hivyo. Tumeanza na Malinyi. Mama Zuhura anazunguka na bodaboda kijiji kwa kijiji, analalamika mgongo, anarudi na majina.

Kwa ajili ya majina hayo tunahitaji mashine ya nne. Juzi nilipokuwa naiandaa, Mama Zuhura akasema tuipe jina lako. Mzee Salum akaunga mkono, akasema ni heshima. Nilikataa. Walishangaa, Mama Zuhura akataka kuchukia. Nikawaeleza kwamba mashine hizi huwa tunazifuta. Ikiharibika hatuitibu, tunaifuta na kumwambia Mkunga azae nyingine. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo, na wewe ndiye uliyenifundisha nisizionee huruma. Nimeshakufuta mara moja, siku ile ya mvua. Sitaki nizoee.

Ila jina lako halijatoka kabisa kwenye faili. Yale maelezo yako ya kila mstari nimeyaacha. "Hapa tunaweka saa za Dar es Salaam." "Hapa usiguse kama hujalala vizuri." Pale kwenye diski nimeongeza na ya kwangu, nimeandika: jina la diski hubadilika seva ikibadilika, angalia kwanza. Atakayekuja baada yangu atasoma sauti mbili.

Kitu cha mwisho. Baba amekuja mjini. Amekaa kwangu siku kadhaa, hana shamba la kurudi kwa sasa. Amenisikia nikizungumza na mama yako kwa simu, maana tangu siku ile tunaongea mara kwa mara, yeye hupiga kwa namba yako na mimi nimeshaacha kushtuka. Baba akaniuliza mama huyo ni nani, nikamweleza. Akafikiri siku nzima. Jioni akasema anataka kumpelekea mtamba mmoja kati ya ng'ombe wake waliobaki. Nikamwambia baba, wale watu wa Idete na ng'ombe wa Wasukuma ugomvi wao unaujua, mama huyu mwenyewe aliwahi kuliwa na ng'ombe bustani yote ya mchicha. Akasema ndiyo maana.

Nilimpigia mama yako nikamwuliza kwa kuzungukazunguka. Alicheka, Dada. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Akasema, "Mwambie baba yako aje. Lakini aje na kamba, na huyo ng'ombe amfunge mwenyewe mbali na mchicha wangu, na alale hapa siku mbili tumwone kama anajua kumfunga."

Tunakwenda Jumamosi. Barabara ikiwa bado mbaya tutamswaga kwa miguu sehemu iliyobaki. Nitapita kaburini kwako kabla ya kufika nyumbani, nitapalilia, nimeambiwa nyasi zimeota sana. Nakuahidi mambo mawili tu, mengine sina uhakika nayo: hakuna mashine itakayosimikwa hapa ikiwa inamjua mtu mmoja peke yake, na mama yako hatalima peke yake msimu ujao.

Pumzika, Dada Ano. Kwa sasa maji yamekaa chini ya alama ya hatari.

Mdogo wako,
Masanja